Mkopo wa mshahara ili kupata kianzio cha nyumba: jibu kwa mwalimu wa Nkuhungu

"Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nina miaka 34. Mshahara wangu wa msingi ni 1,150,000. Bado nakatwa Bodi ya Mikopo, deni limebaki kama milioni 5.4. Mume wangu ni fundi umeme wa kujitegemea. Mwezi mzuri anaingiza 900,000, mwezi mbaya 400,000. Tuna watoto wawili na tumepanga Nkuhungu kwa 180,000 kwa mwezi. Akiba yetu ni milioni 6.8: 3.2 iko kikoba, 2 iko benki, 1.6 iko kwenye simu. Kuna nyumba ya vyumba vitatu Nzuguni inauzwa milioni 65. Mwenye nyumba ana barua ya toleo, hati anasema inafuatiliwa. Anataka milioni 5 za kishika uchumba ndani ya wiki mbili, la sivyo anampa mtu mwingine. Nimeambiwa benki inataka kianzio cha asilimia 20, yaani milioni 13. Wenzangu wananishauri nichukue mkopo wa mshahara wa milioni 10 nijazie. Wengine wanasema achana na nyumba, nunua kiwanja ujenge polepole. Nifanyeje?"

Mwalimu, habari za kazi. Nianze na lenye haraka: hiyo milioni 5 usiitoe. Sababu nitazieleza mbele, lakini kwa kuwa umepewa wiki mbili, jibu hilo ni vizuri ulipate kabla ya mengine.

Hofu yako inaeleweka. Tangu Serikali ihamie Dodoma na mji wa Serikali wa Mtumba uanze kujengwa, kila mwaka unaopita nyumba na viwanja vinaonekana kukimbia huku wewe ukikusanya kidogo kidogo. Mtu akiwa katika hali hiyo, ushauri wa "jazia kwa mkopo" unasikika kama ukombozi. Kwa hesabu zako, ndio utakaokuchelewesha kuliko kitu kingine chochote. Nitakuonyesha kwa tarakimu zako mwenyewe, kwa hiyo chukua slipu yako ya mshahara uiweke mezani.

Kwanza tusawazishe hiyo asilimia 20. Ni kweli benki nyingi hutaka mnunuzi atoe kati ya asilimia 10 na 20 mwenyewe. Ila asilimia hiyo haihesabiwi kwenye bei aliyotaja muuzaji. Benki humtuma mthamini aliyesajiliwa, naye huandika thamani anayoiona yeye. Bei na thamani zikitofautiana, benki hushika iliyo ndogo. Tuseme mthamini ameiona nyumba ya Nzuguni ina thamani ya milioni 58. Asilimia 80 ya 58 ni milioni 46.4. Muuzaji anataka 65. Pengo ni milioni 18.6, na lote ni lako. Kwa hiyo ile milioni 13 uliyoambiwa ni sahihi endapo tu mthamini na muuzaji wamekubaliana, jambo ambalo halitokei mara nyingi, hasa kwenye maeneo ambayo bei hupangwa na madalali.

Juu ya kianzio kuna gharama ambazo hakuna anayezitaja mpaka siku ya kusaini: ushuru wa stempu wa asilimia 1, ada za usajili wa uhamisho na wa rehani, malipo ya mthamini na ya wakili, ada ya benki ya kuandaa mkopo, bima ya maisha ya mkopaji na bima ya moto ya jengo. Tenga asilimia 5 ya bei kwa ajili ya haya. Kwa nyumba ya milioni 60 ni milioni 3 taslimu, na hazirudi. Ukinunua nyumba mpya kutoka kwa kampuni inayojenga na kuuza, uliza pia kama bei uliyotajiwa ina VAT ndani yake au itaongezwa baadaye.

Sasa tuje kwenye kiini. Umeuliza namna ya kupata kianzio, lakini kinachokubana zaidi ni nafasi ya makato kwenye mshahara wako. Kwa mtumishi kuna kanuni ya theluthi: baada ya makato yote, lazima ubaki mkononi na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwako theluthi ni kama 383,300. Isome slipu mstari kwa mstari. PSSSF, yaani mfuko wa pensheni, asilimia 5 ni 57,500. PAYE, yaani kodi ya mapato ya mshahara, inakuja 155,750. Bima ya afya asilimia 3 ni 34,500. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ni 172,500. Kama ni mwanachama wa chama cha walimu, weka asilimia 2, yaani 23,000. Jumla ya makato ni 443,250 na unapokea 706,750. Ondoa theluthi, nafasi iliyobaki ya kukatwa ni kama 323,400. Kiasi hicho ndicho mlango wako wa kuingia kwenye mkopo wa nyumba, na upana wake ndio huo.

Mlango huo unapitisha mkopo wa ukubwa gani? Tuchukue riba ya asilimia 15 kwa mwaka na muda wa miaka 20. Kwa riba na muda huo, kila milioni 1 unayokopa inalipwa kwa 13,170 hivi kila mwezi. Gawanya 323,400 kwa 13,170, unapata mkopo wa milioni 24.5. Kwa mshahara wako peke yake, leo hii, benki haiwezi kukupa ile milioni 46.4 hata ukiwa na kianzio chote mfukoni. Rejesho la mkopo huo lingekuwa 611,000 kwa mwezi.

Angalia basi mkopo wa mshahara wa milioni 10 unafanya nini hapo. Kwa miaka 5 na riba ya asilimia 16, makato yake ni kama 243,000 kwa mwezi. Yanachukuliwa kutoka kwenye zile 323,400, unabaki na 80,000. Umepata milioni 10 mkononi, lakini uwezo wako wa kukopa nyumba umeshuka kwa takriban milioni 18.5, kutoka 24.5 hadi 6. Umeongeza kianzio na papo hapo umeifunga benki mkono uliokuwa uje ukupe kilichobaki. Hata ukijaribu kuuficha, hauficiki, maana makato yanaonekana kwenye slipu na deni linaonekana kwenye taarifa za mikopo ambazo benki huzikagua kabla ya kuidhinisha. Anayekushauri hivyo huenda mwenyewe alichukua mkopo wa mshahara akajengea, akafanikiwa. Hiyo ni njia nyingine kabisa, kwa sababu yeye hakuhitaji mkopo wa pili.

Shemeji anaweza kuupanua mlango, akiwa na karatasi. Benki nyingi hukubali mume na mke kukopa pamoja, ila kwa fundi wa kujitegemea zitadai kuona mzunguko wa fedha wa miezi 6 hadi 12, namba ya mlipa kodi na leseni au usajili wa kazi yake. Kazi anazolipwa mkononi, fedha ikaishia sokoni Majengo jioni ileile, mbele ya benki ni kama hazikufanyika. Kuanzia mwezi huu malipo yake yote yaingie kwanza kwenye akaunti moja yenye jina lake, hata kama yatatoka kesho yake. Kama benki itakubali kumhesabia rejesho la 200,000 kwa mwezi, hapo mmeongeza milioni 15 hivi, na uwezo wenu wote unafika karibu milioni 40. Mwaka mmoja wa nidhamu ya kupitisha fedha benki una thamani kubwa kuliko akiba ya mwaka huohuo. Hili watu wengi hawalijui, nami naona ndilo jambo la kwanza la kufanya nyumbani kwenu.

Kuna na deni la Bodi ya Mikopo. Wengi huliona kama mzigo wa kuutua haraka, wakavunja akiba wakalilipa. Kwako usifanye hivyo. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi kama zamani. Milioni 5.4 ukigawanya kwa 172,500 ni miezi 31 au 32, litaisha lenyewe. Siku likiisha, zile 172,500 zinarudi kwenye nafasi yako ya makato na zinabeba mkopo wa nyumba wa milioni 13 zaidi. Hakikisha tu unapata barua ya kumaliza deni, na kwamba makato yamesimama kweli kwenye mfumo wa mishahara. Makato yaliyosahaulika huleta usumbufu wa miezi.

Kwa hiyo miaka 3 kutoka leo ni muda unaolingana vizuri na hali yenu. Deni la masomo limeisha, shemeji ana historia ya benki, na wewe una miaka 37, ambapo mkopo wa miaka 20 unaisha kabla ya miaka 60 ya kustaafu kwa lazima. Kazi ya miaka hiyo mitatu ni kujenga kianzio.

Katika milioni 6.8 mlizonazo, milioni 2 zisiguswe kwa ajili ya nyumba. Hizo ni za mtoto kulazwa, shemeji kukosa kazi, msiba wa kijijini. Familia isiyo na fungu hilo huvunja akiba ya nyumba mara mbili kwa mwaka na kuanza upya. Zinabaki 4.8. Mkiongeza 400,000 kila mwezi kwa miezi 36 bila faida yoyote, mnafika milioni 19.2. Mkiziweka mahali panapotoa wastani wa asilimia 9 kwa mwaka, zinafika milioni 22.7 hivi. Tofauti ya milioni 3.5 ndiyo inayolipa zile gharama za kusaini.

Hizo 400,000 zigawanyeni kulingana na jinsi fedha inavyoingia kwa kila mmoja. Wewe una mshahara wa tarehe inayojulikana, kwa hiyo iandikie benki maelekezo ya kudumu: siku moja baada ya mshahara, 250,000 ziende kwenye akiba bila wewe kuamua. Shemeji msimpangie kiasi, mpangieni sehemu, yaani robo ya kila kazi, siku analipwa. Mwezi wa 400,000 ataweka 100,000, mwezi wa 900,000 ataweka 225,000, na kwa wastani mnafika. Mkimpangia 150,000 kila mwezi, mwezi mbaya atashindwa, na akishindwa miezi miwili ataona mpango wote umekufa. Kuweni macho pia na kodi ya nyumba. Kama mnalipa miezi 6 kwa mkupuo, ni 1,080,000 kwa siku moja, na siku hiyo ndiyo akiba nyingi huchotwa. Wekeni 180,000 kila mwezi kwenye fungu lake la kodi, mbali na akiba ya nyumba.

Sasa fedha zikae wapi. Zile 1.6 za kwenye simu ziondoe leo. Simu ni ya kulipia, na fedha iliyo kwenye vidole hutumika. Kila ukituma na kutoa, tozo inakula. Kikoba kina faida yake kwa sababu wenzako wanakusukuma kuweka, lakini kwa kianzio cha nyumba kina kasoro mbili: fedha hutoka siku ya kuvunja tu, na wakati wote ziko mikononi mwa wakopaji wenzako. Mwanachama mmoja akishindwa kurejesha mwezi wa 12, mgao wako unachelewa. Endelea kuhudhuria kwa hisa ndogo, na mkivunja safari hii sehemu kubwa ihamishe. Hakikisha kikundi kimesajiliwa kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka. Kisichosajiliwa, mgogoro ukitokea, hakina pa kwenda.

Benki ni salama na Bodi ya Bima ya Amana inakinga hadi milioni 7.5 kwa kila mwenye amana katika benki moja. Akaunti ya kawaida ya akiba hutoa faida ndogo sana. Amana ya muda maalumu hutoa zaidi, na faida yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayosimamia mifuko ya aina hii, inafaa kwa akiba ya kila mwezi, kwa sababu unaweza kuweka kiasi kidogo na kutoa ndani ya siku chache. Ifahamu vizuri kabla hujaingia: si amana ya benki, haikingwi na Bodi ya Bima ya Amana, na faida ya mwaka jana si ahadi ya mwaka huu. Hatifungani za Serikali, yaani karatasi za kuikopesha Serikali kwa riba, zinaanzia milioni 1 kupitia benki au dalali wa soko la hisa, na hulipa riba kila baada ya miezi 6. Kwako inafaa ya miaka 2 tu, na kwa sehemu ya fedha. Ukinunua ya miaka 20 kwa sababu riba yake ni tamu, halafu nyumba ikapatikana mwaka wa tatu, utalazimika kuiuza sokoni kwa bei ya siku hiyo, ambayo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia.

Pangilio ambalo ningelichagua kwa fedha zenu: milioni 2 za dharura kwenye akaunti ya benki isiyo na kadi, 4.8 na michango ya kila mwezi kwenye mfuko wa ukwasi. Na mwaka wa kwanza ukiisha, milioni 3 au 4 zihamie kwenye hatifungani ya miaka 2. Miezi 6 ya mwisho kabla ya kununua, kila kitu kiwe kwenye akaunti ya benki ile mtakayokopa, kwa sababu watauliza kianzio kimetoka wapi. Yeyote atakayekuahidi asilimia 10 kwa mwezi, mkimbie.

Saccos ya walimu, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, je? Hii nayo ni njia nzuri, na watu wameidharau bila sababu. Saccos nyingi hukopesha hadi mara 3 ya akiba yako kwa riba nafuu. Lakini mkopo wa Saccos nao ni makato, unaingia kwenye theluthi ileile, na akiba yako inafungwa kama dhamana. Inafaa kwa kiwanja au kwa kumalizia ujenzi. Kwa kianzio cha mkopo wa benki, kosa ni lilelile la mkopo wa mshahara.

Mpaka hapa utauliza: miaka 3 ikipita, nyumba ya Nzuguni si itakuwa imepanda? Itapanda. Tukisema asilimia 5 kwa mwaka, ya milioni 65 itafika 75. Uwezo wenu wa kukopa utakuwa kama milioni 52, kwa hiyo benki huenda ikawapa. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Mkopo wa 52 ni rejesho la karibu 690,000 kwa mwezi kwa miaka 20, na mwezi wa 400,000 wa shemeji ungekuwa mwezi wa madeni. Kiasi ambacho benki inakubali kukukopesha hakijahesabu ada za shule, mama wa kijijini, wala mvua kunyesha kidogo na unga kupanda bei. Nisingewashauri kuvuka milioni 40, yaani rejesho la 527,000. Milioni 40 pamoja na kianzio cha 19.7 baada ya kutoa gharama zinanunua nyumba ya karibu milioni 60 kwa bei ya wakati huo, ambayo leo inauzwa kama milioni 51 au 52. Kwa hiyo tangu sasa tembeleeni nyumba za bei hiyo: vyumba viwili vyenye kiwanja cha kuongezea, badala ya vitatu vilivyokamilika. Tembeleeni Nala, tembeleeni Iyumbu, Mkonze na Nzuguni kwenyewe, mjue bei halisi watu wanazolipana, maana bei ya dalali na bei ya kusaini hazifanani.

Kuhusu muda wa mkopo, usiuchukue wa miaka 20 kwa mazoea. Mkopo wa milioni 40 kwa miaka 20 unalipa jumla ya milioni 126. Kwa miaka 15 rejesho linapanda hadi 560,000, yaani 33,000 tu zaidi kwa mwezi, na jumla inashuka hadi karibu milioni 101. Milioni 25 kwa bei ya 33,000 kwa mwezi. Uliza pia kama unaruhusiwa kulipa kabla ya wakati bila faini, na kama riba ni ya kudumu au inabadilika.

Wale wanaosema kiwanja kwanza hawajakosea, ila hawajakuambia sehemu ngumu. Kiwanja kilichopimwa chenye hati mnaweza kukinunua mapema zaidi na bila riba, na mkijenga kwa awamu hamdaiwi na mtu. Kwa familia ambayo mmoja wenu ni fundi, hilo lina uzito. Nyaya na swichi mtaokoa, na atajua nani wa kumwamini kwenye tofali. Ugumu ni kwamba mtalipa kodi ya nyumba na kununua saruji kwa wakati mmoja, labda kwa miaka 6 au 7. Fedha huganda kwenye msingi na kuta, bati likikosekana kuta zinapigwa mvua, na nondo zilizoachwa wazi zinaliwa kutu. Hati nyingi zina sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36, na kibali cha ujenzi lazima kitoke Jiji kabla ya kuchimba msingi. Kama mtachagua njia hii, jengeni vyumba viwili na choo vinavyokalika kwa ramani inayoweza kuongezwa, mhamie, kisha ile 180,000 ya kodi iendeleze iliyobaki. Kosa linaloua miradi mingi ni kuanza na msingi wa vyumba vinne kwa fedha ya vyumba viwili.

Kama ungenilazimisha nichague, kwa nyinyi wawili ningesema wekeni akiba kana kwamba mnanunua nyumba, na mwisho wa mwaka wa kwanza mlinganishe tena. Fedha ni zilezile, hazipotei kwa kubadili njia.

Narudi kwa muuzaji wa Nzuguni. Barua ya toleo ni ahadi ya kumilikishwa. Benki haiwezi kusajili rehani juu ya miliki ambayo haijasajiliwa kwa Msajili wa Hati, kwa hiyo hata kama kianzio kingekuwa tayari, mkopo wa nyumba hiyo usingetoka mpaka hati itoke. Hati "inayofuatiliwa" inaweza kuchukua mwezi au mwaka, na inaweza kuonekana kuwa kiwanja kilishamilikishwa mwingine. Dodoma jambo hili lina historia yake. Kwa miongo zaidi ya minne ardhi ya mji iligawiwa na CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na ilipovunjwa mwaka 2017 majukumu na mafaili yakahamia halmashauri, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Zipo karatasi za zama tofauti mikononi mwa watu, na viwanja ambavyo watu wawili kila mmoja ana barua. Karatasi yenye mhuri haitoshi.

Utaratibu ni huu. Omba nakala ya barua ya toleo na risiti za malipo yake. Nenda idara ya ardhi ya Jiji na namba ya kiwanja na kitalu, waangalie jina lililo kwenye faili na mchoro wa upimaji. Hati ikishatoka, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kwenye Ofisi ya Ardhi ya Mkoa. Majibu ya maandishi yatakuonyesha mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio. Angalia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Mwenza wa muuzaji lazima aridhie kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya familia, na mauzo bila ridhaa yake yanaweza kubatilishwa mahakamani. Kama ni ya urithi, dai barua ya usimamizi wa mirathi. Kodi ya faida itokanayo na mauzo ni ya muuzaji, na uhamisho haukamiliki bila uthibitisho wa TRA. Liandikeni kwenye mkataba, kwa sababu wauzaji wengi huja kulisukuma kwa mnunuzi dakika za mwisho.

Na jengo lenyewe likague mchana, ukiwa na shemeji. Nyufa zinazotoka kwenye pembe za madirisha kwenda juu kwa mshazari ni dalili ya msingi kukaa vibaya, hasa kama udongo ni mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Gonga mbao za dari. Mchwa akiwa ameingia, sauti inakuwa ya mvungu. Fungua bomba, uliza majirani maji ya DUWASA yanakuja siku ngapi kwa wiki, na kama kuna kisima onja maji yake, kwani chumvi ni jambo la kawaida hapa. Hayo hayamo kwenye ripoti ya mthamini.

Kishika uchumba si kibaya chenyewe. Kinatolewa baada ya upekuzi, kwa mkataba ulioandikwa na wakili wako, wala si wa muuzaji, wenye kifungu kinachosema kitarudishwa chote iwapo hati haitatoka kufikia tarehe fulani au benki ikikataa mkopo. Kipitie benki, kisiwe cha mkono kwa mkono. Muuzaji akikataa kifungu hicho, mwache ampe huyo mtu mwingine.

Kuna mahali maandishi kama haya yanaishia na unahitaji mtu ana kwa ana. Wiki hii, kabla hata ya kutafuta nyumba, nendeni wote wawili benki mbili au tatu zenye mikopo ya nyumba, si kwa afisa wa mikopo ya mshahara. Bebeni slipu zako za miezi mitatu, taarifa za akaunti za miezi sita na vitambulisho vya NIDA. Waombeni wakuandikie mambo manne: kiasi wanachoweza kukupa leo, riba, asilimia ya kianzio, na orodha ya ada zote. Maulizo hayo hayakufungi kwa lolote. Kama umeshasaini chochote na muuzaji, hata karatasi ya daftari, mwone wakili kabla ya kuongea naye tena. Na kama mtu tayari amekuanzishia fomu ya mkopo wa mshahara, omba isimamishwe kabla mwajiri hajaipitisha. Makato yakishaingia kwenye mfumo, kuyatoa si kazi ya siku moja.